Nikifuta picha kwenye laptopu, si zitabaki kwenye ruta?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga picha za harusi hapa Tanga, natumia MacBook. Kaka yangu aliyeko Maskat kaniletea kisanduku bapa cheupe cha Apple, kinaitwa Time Capsule, cha terabaiti 2. Ni ruta, yaani kinatoa waifai, na ndani kina diski ambayo laptopu inajihifadhi yenyewe. Laptopu imejaa. Naweza kufuta harusi za miaka iliyopita, maadamu ziko kwenye kisanduku? Na mbona siku ya tatu sasa nakala ya kwanza haijaisha?
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usifute hata moja. Kama umeshaanza, ishia hapo hapo na usimwage pipa la taka.

Programu inayokuhifadhia kazi ni Time Machine, na yenyewe haikutengenezwa iwe ghala. Inaifuata laptopu yako kama kivuli. Kila saa inanakili kilichobadilika. Inatunza nakala za kila saa kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila wiki kwa muda wa nyuma zaidi. Diski ikijaa, inafuta zile kongwe ili mpya zipate nafasi. Kwa hiyo harusi utakayoifuta leo, kesho utaikuta kwenye kisanduku, mwezi ujao utaikuta, nawe utatulia. Siku diski itakapojaa, nakala zenye harusi hiyo zitaanza kuondoka moja baada ya nyingine mpaka iishe.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilikuwa na sauti ya marehemu mama akisimulia maisha ya Pangani alikokulia, rekodi yenye urefu wa saa nne na dakika kadhaa. Niliifuta kwenye kompyuta nipate nafasi, nikiamini ipo kwenye diski ya nakala. Haikuwa chapa hiyo yako, ila utaratibu ni ule ule. Baada ya mwaka hivi wanangu wakaomba kumsikia bibi yao. Nilifungua nakala zote, kuanzia mpya hadi kongwe iliyosalia. Haimo. Mpaka leo nikipita kivukoni Pangani naikumbuka.

Sasa hizo siku tatu. Nakala ya kwanza hubeba kila kitu kilichomo kwenye laptopu, na waifai ya kisanduku hicho ni ya kizazi cha zamani. Ukuta mmoja wa matofali unaipunguza sana. Nyuma ya kisanduku kuna matundu ya waya wa mtandao. Chomeka waya hadi kwenye laptopu (kama haina tundu hilo, nunua adapta), iache kwenye chaji usiku kucha. Zinazofuata ni ndogo, waifai itazimudu.

Kisanduku chenyewe kiweke mahali penye hewa, usikilundikie vitabu juu. Kifaa cha kubadili umeme kimo humo humo ndani pamoja na diski, na joto ni adui wa vyote viwili. Umeme ukikatika wakati kinaandika, nakala inaweza kuharibika, basi UPS ndogo (betri inayoshika umeme unapokatika) si anasa kwako.

Jua pia kwamba Apple waliacha kuvitengeneza mwaka 2018. Kisanduku huzungumza na Mac kwa njia ya zamani iitwayo AFP, na Apple wenyewe wameshatangaza kuwa wataiondoa kwenye macOS, mfumo unaoendesha Mac. Kabla ya kupandisha toleo la macOS, hakikisha kwanza kwamba toleo hilo bado linaikubali.

Kitumie, ni zawadi nzuri, lakini kwa kazi unayoendelea nayo. Harusi zilizopita zinunulie diski mbili za nje. Nakili mafolda kwa mkono wako kwenye zote mbili, bila Time Machine. Moja kaa nayo, nyingine ipeleke nyumba nyingine kabisa, kwa mama au kwa shangazi, kwa sababu mwizi akiingia kwako atabeba laptopu na kisanduku kwa safari moja. Kisha fungua picha kumi kumi za kila harusi, kwenye kila diski, uzitazame hadi pembeni. Zikifunguka zote, hapo futa.