Kwa nini picha zako za Ngong hazina kina
Ndugu, umeuliza kwa nini Vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, vinakuteka ukiwa pale, lakini kwenye picha vinalala tu. Kamera yako haina ubaya. Tatizo ni saa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini, vivuli vinatoweka na mabonde yanakuwa kama karatasi. Fika juu kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwetu jua hupanda upesi na mwanga laini haukai, basi chagua mahali pa kusimama mapema.

Jambo kubwa zaidi kwangu ni hili: amua picha inahusu nini. Mgunga mmoja? Njia ya ng'ombe inayoteremka kuelekea Bonde la Ufa? Kipe kitu hicho nafasi ya mbele. Chuchumaa, sogea, jaribu tena. Anga ikiwa nyeupe tupu, ipunguze. Mawingu ya masika yakijikusanya, ipe anga hata thuluthi mbili za picha. Tundu la lenzi, yaani upenyo unaoingiza mwanga, liweke kwenye f/8 au f/11; inatosha.

Tafadhali usipande peke yako alfajiri. Tafuta wenzako, na mvae sweta. Upepo wa kule ni mkali.