Usingoje Digrii Ndipo Usome Marx

Wiki jana dada mmoja wa shamba la maua kule Naivasha aliniandikia. Amesoma hadi kidato cha nne, anataka kuelewa nadharia ya Karl Marx, mwanafikra Mjerumani aliyeuchambua ubepari, kuhusu utamaduni na mamlaka, na anauliza aanzie wapi. Swali hilo nalijua. Nililiuliza nikiwa nimevaa gambuti, ndani ya banda la kufungashia waridi.

Anzia hapo hapo ulipo. Wiki za mwanzo za Februari, kwa sababu Ulaya wapenzi hupeana waridi tarehe 14, sisi tulikuwa tunaingia kazini alfajiri na kutoka usiku. Unashika shina, unalipima kwenye ubao wenye alama za sentimita, unapukutisha majani ya chini, unalilaza na wenzake wa urefu ule ule. Vichwa lazima vilingane. Kimoja kikichomoza, supavaiza anarudisha fungu zima. Miiba inapenya glavu. Kisha maua yanaingia chumba baridi, yanasafirishwa hadi uwanja wa ndege Nairobi, na anayeyapokea anaona mapenzi tu. Marx alilieleza jambo hili katika sura ya kwanza ya kitabu chake Das Kapital, mwaka 1867: bidhaa ikifika sokoni, uhusiano wa watu walioitolea jasho unafichika, na thamani inaonekana kama kitu ambacho bidhaa imezaliwa nacho. Niliposoma hapo sikuhitaji mfano wa mtu mwingine.

Halafu nikakutana na maandishi ya Antonio Gramsci, mfuasi wa Marx, Mtaliano aliyekamatwa na serikali ya kifashisti ya Mussolini mwaka 1926 na kuandika madaftari yake gerezani kuanzia 1929. Alitaka kujua kwa nini wanaoonewa wanakubali. Akaona kwamba tabaka tawala halitegemei rungu peke yake. Linatafuta ridhaa, kupitia shule, kanisa, magazeti na mazoea, mpaka maslahi yake yakawa ndiyo akili ya kawaida ya kila mtu.

Kwetu ridhaa hiyo iliombwa kwa methali. Tulipouliza malipo ya ovataimu, meneja alipanda juu ya kreti akatuambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Tulikuwa tumeinama tangu alfajiri, na cha mvunguni alikuwa nacho yeye! Bibi yangu alitumia methali hiyo hiyo kutufundisha kupalilia, lakini mahindi yale tulikula sote. Kwa hiyo ukisikia neno la busara kazini, tazama nani anamwambia nani, na wakati gani.

La pili, soma na watu. Niliwahi kumpelekea mhadhiri mmoja kurasa nilizoandika kuhusu shamba lile. Alizifunua mbili tatu, akanirudishia, akasema nadharia si ya watu wa kufunga maua. Miaka imepita na bado linaniuma. Gramsci mwenyewe alishikilia kwamba watu wote ni wanafikra, ila si wote waliopewa kazi hiyo katika jamii. Leo kikundi chetu kinakutana Jumapili mtaani Bondeni, hapa Nakuru, kwenye duka la fundi cherehani, na mwezi uliopita aliyetuongoza kwenye sehemu ya ridhaa ni mama muuza mitumba. Alieleza vizuri kuliko vitabu vyote vya ufafanuzi nilivyopitia. Najivunia sana.

Ninyi mnaotaka kuandika na kufikiri, acheni kukariri majina ya Wazungu ili mtambe. Anzeni na maisha yenu, narudia. Chukueni karatasi ya mshahara, iwekeni kando ya sura ile ya kwanza ya Das Kapital, mwulizane ni saa zipi zimelipwa, zipi hazikulipwa, na ni maneno gani yaliyowafanya mzitoe bila kudai.