Maswali Yenu: Maneno ya Kiingereza Yenye Asili ya Kigiriki

Nasomea uuguzi. "Hyper" na "hypo" zinanichanganya hadi kwenye mtihani. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Dodoma

Pole, mwanangu, hata wazoefu huteleza hapo. Kwa Kigiriki "hyper" ni juu au kupita kiasi, "hypo" ni chini. Kwa hiyo "hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ya kushuka. Kumbuka "hypodermic", sindano ya chini ya ngozi, maana "derma" ni ngozi. Ukiikumbuka sindano hiyo, "hypo" haikupotei. Ila mtihani si kitu, wodini ndiko kwenye kazi. Mgonjwa wa kisukari mwenye "hypoglycaemia" anahitaji sukari upesi. Mwenye "hyperglycaemia" ukimpa umemzidishia balaa. Wakati wa kukabidhi zamu, mimi ningesema tu: sukari imeshuka, au imepanda.

Binti yangu anauliza: ikiwa "pedestrian" ni mwenda kwa miguu, "pediatrician" ni daktari wa miguu? – Mama wawili, Mombasa

Mwambie ameuliza vizuri sana. "Ped" ya "pedestrian" ni Kilatini, mguu. Ya daktari ni Kigiriki: "pais" ni mtoto, "iatros" ni tabibu. Waingereza huandika "paed-", wakati Wamarekani waliitupa ile "a", na hapo ndipo mkanganyo ulipokolea. Mguu kwa Kigiriki ni "pous", ndio uliomo kwenye "octopus", pweza wetu, yaani mwenye miguu minane. Na wanaojidai kusema "octopi" wamebandika wingi wa Kilatini kwenye neno la Kigiriki. Sema "octopuses", yatosha.

"Helicopter" ni "heli" na "copter"? – Msomaji, Arusha

Hapana. Ni "helix", kitu kilichojisokota kama parafujo, na "pteron", bawa. Kiungo kiko kati ya "helico" na "pter"; anayekata "heli" na "copter" amepitisha kisu pasipo kiungo, na waliounda "heliport", kiwanja cha helikopta, wakaendelea kukata papo hapo.

Je, Kiswahili nacho kina Kigiriki? – Mwalimu, Tanga

Kipo, mwalimu wangu, na umekishika mkononi. Kalamu ni "kalamos", tete, iliyotufikia kwa Waarabu. Karatasi ni "khartes", jani la mafunjo la kuandikia, kwa njia hiyo hiyo. "Khartes" huyo huyo alipita Kilatini na Kifaransa akazaa "card" na "chart" za Kiingereza, nasi tukazikopa tena: kadi na chati. Karatasi, kadi na chati ni watoto wa babu mmoja, waliofika kwetu kwa majahazi tofauti.