Dola 110 kwa ton? Mkuu usitume hela, uliza kwanza ni ton ya nini

Usitume hiyo hela. Kama ushatuma, mpigie wakala sasa hivi, uzi utakuja kuusoma baadae.

Umeandika kwamba sofa na magodoro yako ya kutoka Foshan, China, yana kilo 700, wakala kakwambia dola 110 kwa ton, ukapiga hesabu ukapata dola 77 ukaona mteremko. Haiwezi kuwa 77 mkuu. Ton ya mzigo wa kuchangia kontena ni kilo 1000 AU mita moja ya ujazo, yaani CBM moja, na inayotoka kubwa kati ya hizo mbili ndo unayolipia. Kwenye karatasi ya bei wanaandika W/M tu (weight or measurement, uzito au ujazo), pembeni, kwa herufi ndogo, na anayekuuzia hana haraka ya kukuonesha. Sofa na godoro ndo mizigo mibaya kuliko yote kwa hesabu hiyo maana haina uzito ila inakula nafasi.

Mimi nilileta viti vya dining na sofa. Pakingi listi ilisema kilo 860, bei dola 95 kwa ton, nikaweka kichwani dola themanini na kitu, nikampangia bei mteja wangu kwa hesabu hiyo na advansi nikachukua. Mzigo umefika Dar, invoisi inasoma ton 11.4. Nikajua wamenichanganyia na mzigo wa mtu mwingine, nikaenda pale kaunta na karatasi zangu, dada akanifungulia kompyuta akanionesha 860 kilo, CBM 11.4, mara 95, dola 1,083. Na haikuishia hapo, gharama za huku, kushusha, kutenganisha mizigo, hendilingi, zote zinafuata namba ileile ya 11.4. Halafu wakati nabishana nao storeji inatembea, maana bandari kavu wao hawasubiri mmalize ugomvi, na storeji nayo wanakuhesabia kwa ukubwa wa mzigo. Faida yote ikaishia pale na nikaongeza hela ya mfukoni juu.

Nilipotulia nikachukua futi nikapima boksi moja la sofa ya watu watatu. Urefu mita 2.10, upana 0.95, kimo 0.85, zidisha unapata kama CBM 1.7 hivi. Uzito kilo 48. Hilo boksi kwa kilo ni asilimia tano ya ton, kwa ujazo ni ton moja na robo tatu hivi, ile ile sofa moja! Kumbe nilikuwa nalipia hewa ya Foshan ipande meli. Angekuwa mwenye vigae kwenye kontena hilohilo mambo yangegeuka, CBM moja ya vigae inapita kilo 1000 bila shida so yeye analipia uzito.

Sasa kinachoniuma mpaka leo sio hela peke yake. Niliuliza! Nilimuuliza wakala uso kwa uso, kaka hii ton ni kilo elfu eti? Akanijibu "tani ni tani tu bosi, we lete mzigo." Mtu anafanya hii kazi kila siku, anaona kabisa pakingi listi yangu ni masofa matupu, anajua hesabu itakavyotoka, anakaa kimya kwa sababu ukishapakia huna pa kwenda. Na kuna jamaa mwingine mwenye cheti cha lojistiki akanihakikishia kabisa kwamba ton kwa Kiingereza ni uzito, basi, hamna maana nyingine. Sisi tani tumeizoea ya mahindi, magunia kumi ya kilo mia, so ukisikia ton unafikiria mzani moja kwa moja, na hapo ndo wanapokukamatia.

Na huyo wa cheti alikosea hata kihistoria, maana hili neno halikuanzia kwenye mzani. Umeuliza asili yake, asili ni pipa. Kiingereza cha zamani "tun" ni pipa kubwa la mvinyo, galoni 252, lita kama 950 hivi. Mvinyo ulikuwa unatoka Bordeaux kwa meli kwenda Uingereza, na ukubwa wa meli ukawa unatajwa kwa mapipa inayoweza kubeba, hii meli ya tun mia, ile ya tun mia mbili, na tangu karne ya 14 wafalme wa Uingereza walikuwa wanatoza kodi kwa kila pipa linaloingia. Sasa pipa likijaa lina mambo mawili kwa pamoja, lina uzito wake, na lina nafasi linayochukua kwenye meli. Kwenye uzito ikaja kutulia paundi 2,240, hiyo ndo ton ya Waingereza, kilo 1,016. Wamarekani wao wakachukua paundi 2,000, kilo 907. Tonne ile yenye n mbili ni ya Wafaransa, kilo 1,000 kamili. Kwenye nafasi nayo ikaendelea na maisha yake, mwaka 1854 sheria ya Uingereza ikapima meli kwa ton ya futi za ujazo 100, na mpaka leo ukiona meli imeandikwa GT 50,000 (gross tonnage) hapo hamna aliyeipima kwa mzani, ni hesabu ya ujazo wa ndani kwa mkataba wa kimataifa wa 1969. So ton ya CBM ni halali kabisa na ni ya siku nyingi. Wizi ni kumtajia mteja neno lenye maana mbili halafu unamwacha achague isiyo yake.

Na ile ton uliyouliza ya AC, ya kupimia nguvu ya kupoza, ni habari ya barafu, joto linaloweza kuyeyusha paundi 2,000 za barafu kwa saa 24, ndo BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa. Haina uhusiano na kilo za hiyo AC yenyewe.

Rudi kwenye mzigo wako. Kila ukisikia ton, iwe kwa wakala, kwa muuza chuma chakavu, kwa nani, uliza TON YA NINI, na jibu aliandike. Sio kwa simu, sio voisi noti, liandikwe kwenye bei aliyokupa: ton moja ni kilo ngapi, CBM ngapi, na ipi inatumika. Wakala anayegoma kuandika hilo mwache aende. Na usikimbilie ndege ukidhani umekwepa, kule CBM moja wanaihesabu kama kilo 167 hata kama ni pamba.

Halafu ongea na kiwanda leo kabla hawajafunga maboksi. Magodoro wayatoe hewa na kuyaviringisha, sofa waifungue miguu na migongo wapakie flati, hapo unaweza kukata ujazo vibaya sana na uzito ukabaki uleule. Waombe vipimo vya kila boksi, urefu upana kimo kwa mita, wasikupe jumla ya kilo peke yake. Ukivipata vimwage hapahapa kwenye uzi nikuhesabie, ila hela usitume mpaka tumalize.