Kumtoa mshambuliaji wetu kwa kipa wa Lamu

Hili pendekezo la kubadilishana mshambuliaji wetu na kipa wa Lamu si haki hivyo lilivyo, labda Lamu waongeze pesa. Tazameni mikataba kabla ya mabao. Wa kwetu Malindi kabakisha misimu miwili, kipa wao mkataba unakwisha karibuni. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akibakisha miezi sita au chini yake anaweza kusaini na timu nyingine, na tangu kesi ya mchezaji Bosman katika mahakama ya Ulaya, 1995, mkataba ukiisha anaondoka bure. Sasa kwa nini tumlipie kwa mfungaji wetu mtu ambaye tukisubiri kidogo tunampata bila ya kutoa chochote?

Na huyo aliyetaja Eto'o wa Barcelona kubadilishwa na Ibrahimovic wa Inter, 2009, mfano wake unamgeuka. Barcelona walimtoa Eto'o wakaongeza na pesa, zaidi ya euro milioni 40, kwa sababu mkataba wa Eto'o ulikuwa umebakia mwaka mmoja tu. Aliyekaribia kumaliza ndiye aliyehesabiwa rahisi, wala si kwamba alikuwa mbovu: msimu uliofuata akachukua mataji matatu na Inter, wakiwatoa Barcelona wenyewe kwenye nusu fainali. Ibrahimovic akafunga 16 ya ligi, kisha akapelekwa AC Milan kwa mkopo.

Ila kama mshambuliaji wetu na kipa wa Lamu wanacheza kwa maneno ya mdomo tu, pasi na karatasi, basi hapo hapana cha kubadilishana. Kila mmoja ataenda anakotaka, na viongozi wetu wanalijua hilo.