Kupika kolardi za Kusini: supu kwanza, majani baadaye

Ukihamia Georgia, jimbo la Kusini mwa Marekani, ukitokea Kenya au Tanzania, mboga ya kwanza utakayoitambua sokoni ni kolardi. Majani mapana yenye utando wa nta, yamefungwa mafungu makubwa hata moja linajaza kwapa. Utasema ni sukuma wiki, na hutakuwa mbali na ukweli. Zote ni jamii ya kabichi isiyofunga, na Kenya kuna mbegu za sukuma zinazouzwa pakiti ikiwa na jina la Georgia. Matatizo huanzia jikoni. Wengi wetu huikata nyembamba, tukaikaanga na kitunguu na nyanya kwa dakika kumi, halafu tukaamua kwamba mboga ya Wamarekani ni ngumu na chungu. Mimi naishi Atlanta na msimu wa baridi kolardi haikosekani jikoni kwangu. Kila mgeni anayeniuliza humwambia jambo moja: usianze na majani, anza na supu.

Supu hiyo hutokana na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kwa jadi ni kifundo cha mguu wa nguruwe, au kipande cha mafuta yake kilichotiwa chumvi, na zipo nyumba ambazo hazitakubali kingine. Lakini siku hizi familia nyingi za Wamarekani Weusi hutumia bata mzinga wa moshi, iwe bawa, shingo au paja. Nami hutumia huyo huyo, kwa sababu mezani kwangu huketi Waislamu na Wasabato, na sijaona anayelalamika kwamba ladha imepungua. Anayetaka nyama ya halali aulize mapema kwenye bucha za Waislamu, maana si kila wiki huwa nayo.

Chukua mabawa mawili makubwa, uyatie kwenye sufuria pana yenye lita 2 za maji, pamoja na kitunguu kikubwa kilichokatwa, punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa, na nusu kijiko cha chai cha pilipili kavu. Yakichemka punguza moto, funika, uache kwa saa 1 na nusu. Usitie chumvi hata kidogo. Nyama ya moshi ina chumvi yake, na huitoa polepole kadiri inavyoiva, kwa hiyo anayekoleza mapema hujikuta na sufuria isiyolika. Supu iliyo tayari hujionyesha yenyewe: rangi imekuwa kahawia hafifu, nyama inaachia mfupa, na ukionja kijiko kimoja unatamani kikombe. Kama hutamani kuinywa hivyo ilivyo, usitie majani bado. Majani hayawezi kuiokoa supu dhaifu.

Wala usidhani ni kiungo cha kumwaga baadaye. Ikishapikiwa majani huitwa potlika, na watu wa Kusini huithamini kuliko mboga yenyewe. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alibishana hadharani na gazeti la Atlanta Constitution kuhusu namna ya kuila: je, mkate wa mahindi uchovywe ndani yake au uvunjwevunjwe humo? Long alishikilia kuchovya. Nami niko upande wake, ingawa naelewa wanaovunja.

Kolardi si mmea wa Afrika. Mbegu zake zilivuka bahari na Wazungu. Kinachobeba mkono wa Waafrika ni upishi: majani mengi, nyama kidogo ya kuleta ladha, chungu kimoja, moto mdogo, na chakula cha wanga cha kusindikiza mchuzi. Watu waliokuwa utumwani walipanda mboga hii kwenye vibustani karibu na vibanda vyao, kwani hustahimili baridi na huvunwa jani baada ya jani kwa miezi mingi. Mtu aliyekulia kwenye ugali hahitaji kufundishwa kwa nini mlo huu unashibisha.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hapa ndipo pesa hupotea. Kolardi inauzwa mwaka mzima, lakini msimu wake Kusini ni kuanzia vuli hadi mwanzo wa masika, na tamu kabisa ni ile iliyopitiwa na usiku wa jalidi. Baridi ikifika kiwango cha kugandisha umande juu ya jani, mmea huongeza sukari ndani yake ili kujikinga, na uchungu unapungua waziwazi. Kolardi ya Julai na ya Desemba hutazielewa kuwa ni mboga moja. Kwa hiyo Desemba na Januari nunua bila hofu. Wakati wa joto nunua majani madogo tu, uyape muda mrefu zaidi motoni.

Shika fungu mkononi. Liwe zito, majani yamesimama, na mikato ya mashina iwe bado na unyevu. Matundu madogo ya wadudu yasikutishe, ila jani lililoanza kuwa la njano liache, isipokuwa kama uko mashariki ya North Carolina. Huko hupendwa aina ya rangi ya kijani-manjano yenye majani laini yanayojikunja kidogo kama kabichi, na mji mdogo wa Ayden hufanya tamasha la kolardi kila Septemba tangu 1975. Ukikutana na aina hiyo, inunue. Huiva mapema na ni tamu sana.

Mifuko ya plastiki yenye majani yaliyokwisha kukatwa mimi siishauri. Mashine hukata jani pamoja na uti wake, ukabaki unatafuna vijiti, na kingo zimekauka kabla hujafika nyumbani. Kama huna muda kabisa, angalau toa vipande vya uti kwa mkono. Kwa Atlanta, soko la manispaa lililoko mtaa wa Edgewood, lenye jengo la mwaka 1924, utapata majani na nyama ya moshi chini ya paa moja. Wakati wa ubaguzi watu weusi walifanyia biashara nje, ukingoni mwa barabara. Na nje ya miji, wakulima huuza kando ya barabara wakiwa wamekata asubuhi hiyo hiyo. Pitia kwa hao kwanza.

Kuosha ni kazi ya kweli. Mchanga hujificha kwenye mikunjo. Jaza karai maji baridi, tia majani, yapekeche, kisha yatoe majani kwa mikono na kumwaga maji yaliyobaki. Ukimwaga maji majani yakiwa humo, mchanga unarudi juu yake. Rudia hadi chini ya karai pawe safi.

Uti wa katikati uondoe ukiwa mnene, ila kwenye majani machanga uache. Panga majani kadhaa pamoja, yakunje kama mkeka, ukate vipande vyenye upana wa sentimita 2 au 3. Wembamba wa sukuma haufai hapa, kwani vipande vinyembamba hupotelea kwenye supu. Mafungu matatu, karibu kilo 1 na nusu, yatajaza sufuria hadi yamwagike, lakini usiogope. Tia konzi baada ya konzi, geuza, subiri yanywee, ongeza mengine. Yatawatosha watu sita tu.

Funika, moto mdogo, dakika 45 kisha onja. Mengi huwa tayari baada ya saa moja, na yaliyokomaa huchukua hadi saa 1 na nusu. Unatafuta jani linaloteleza mdomoni lakini bado linajulikana kuwa ni jani. Baadhi ya wapishi hutia magadi kidogo ili liive haraka. Mimi sikubali, kwa sababu magadi huharibu vitamini na kulifanya jani liwe la utelezi. Siki, kijiko 1 cha chakula, huja mwisho, jani likishalainika, kwani uchachu hulizuia kuiva. Hapo pia ndipo unapoonja chumvi. Sukari ni hiari, na kwa kolardi ya jalidi sioni haja yake.

Asiyekula nyama akaange kitunguu kwa mafuta hadi kiwe kahawia sana, atie uyoga mkavu na paprika ya moshi (unga wa pilipili nyekundu iliyokaushwa kwa moshi), kisha maji. Haitakuwa supu ile ile, lakini ina uzito wake.

Jambo la afya nisilipite: kolardi ina vitamini K nyingi mno. Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kuanza kula sahani kubwa kubwa, na mwenye shinikizo la damu apunguze nyama ya moshi hadi bawa moja.

Mezani weka mkate wa mahindi, uliookwa kwa maziwa mala kwenye kikaango cha chuma, bila sukari. Ugali wa moto unaingia vilevile, na wageni wangu wa Kusini wameukubali bila maswali. Mwaka mpya ongeza kunde, maana Kusini kolardi ya tarehe 1 Januari huhesabiwa kuwa noti za pesa na kunde kuwa sarafu. Itakayobaki iweke kwenye friji pamoja na supu yake, ambapo itakaa siku tatu au nne. Majani yakiisha na supu ikabaki, ipikie maharage au wali, lakini usitie chumvi nyingine kabla ya kuonja.