Shangazi, nauza kila siku lakini mtaji unayeyuka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Msamvu, Morogoro. Nauza chapati, maharage na chai, siku sita kwa wiki, na kwa siku naingiza elfu 65. Januari mwanangu alianza kidato cha kwanza shule ya bweni. Sare, godoro na sanduku vikanishinda, nikakopa laki tatu kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa, wa kausha damu. Narejesha elfu 13 kila siku kwa siku 30. Nilipomaliza nilikuwa sina mtaji, nikakopa tena, na sasa niko mkopo wa tatu. Zimebaki siku 17. Mtaji wangu wa laki tatu umebaki wa kununulia vitu vya kesho tu. Baba watoto ni bodaboda, hajui lolote. Kila asubuhi namtolea elfu tano ya mafuta ya pikipiki, na mboga ya nyumbani elfu tano, zote zinatoka kwenye kopo la mauzo. Wifi anasema biashara yangu imefungwa, niende kwa mtaalamu anayetaka elfu 20. Nikope tena au niache? Matumizi yangu ya siku nimeyaandika nyuma ya karatasi.*

Marahaba mwanangu. Kwa mtaalamu usiende, elfu 20 yako ikae. Hiyo orodha uliyoandika nyuma ya karatasi imenieleza yote, na nimefurahi kwamba uliiandika. Tuisome pamoja.

Unga kilo sita 12,000. Mafuta ya kupikia 9,000. Maharage 6,000. Nazi, nyanya na vitunguu 5,000. Sukari, majani na tangawizi 4,000. Mkaa 5,000. Binti anayekusaidia 6,000. Kibanda na usafi 2,000. Jumla 49,000. Toa kwenye 65,000, inabaki 16,000. Hiyo ndiyo faida yako ya siku, na kwa siku 26 za kazi ni 416,000 kwa mwezi. Mwanangu, biashara yako ni nzima kabisa. Wapo walioajiriwa wasiofikia hapo.

Sasa tazama inakokwenda. Kwenye hiyo 16,000 anatoka wa kausha damu na 13,000 yake. Imebaki 3,000. Nyumbani kunatoka 10,000. Kwa hiyo kila siku unachota 7,000 kwenye mtaji, na kwa siku 26 ni 182,000. Halafu marejesho hayajui Jumapili, na tumbo nalo halijui. Jumapili nne bila mauzo, kila moja 23,000, ni 92,000 nyingine. Jumlisha: 274,000. Ndiyo hiyo laki tatu yako, hakuna jini aliyeichukua. Na ndiyo maana kila siku ya 30 unajikuta mlangoni kwao tena.

Kuhusu mkopo wenyewe, hapa nasema kwa uchungu kwa sababu barua za namna hii nazipokea nyingi mno. Umechukua 300,000, unarudisha 390,000. Riba ni 90,000 kwa mwezi mmoja, yaani asilimia 30. Tena ukifika siku ya 15 umesharudisha 195,000, fedha yao nyingi wanayo wenyewe mfukoni, lakini riba umetozwa kama vile laki tatu nzima ungali nayo. Nchi hii ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopeshaji wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni 10,500. Kesho waombe wakuoneshe leseni, na udai nakala ya mkataba uliotia saini. Kila elfu 13 unayotoa, dai risiti au lipa kwa simu ubaki na ujumbe. Usimkimbie mtu wala usigombane naye. Shika karatasi zako, na kama leseni hawana au riba ndiyo hiyo, peleka malalamiko Benki Kuu.

Siku 17 zilizobaki ni 221,000. Ukitoa Jumapili mbili, una siku 15 za kazi, faida yake 240,000. Umeona? Deni linalipika bila kukopa tena, na inabaki 19,000. Lakini linalipika kwa sharti moja tu: kwa siku hizo 17 kopo lisitoe hata senti ya mboga wala ya mafuta ya pikipiki.

Na hapo ndipo baba watoto anapoingia, maana sharti hilo huwezi kulitimiza kwa siri.

Najua unaogopa. Umekopa mara tatu bila yeye kujua, na kila siku ikipita neno linazidi kuwa zito mdomoni. Lakini mwanangu, huyo mwanaume anakuomba elfu tano kila asubuhi kwa sababu anaona kopo limejaa noti. Hajui kwamba noti hizo ni za muuza unga na za mkopeshaji. Usimwambie asubuhi akiwa anawahi kijiweni. Mngoje jioni, ameshaoga, ameshakula. Mwekee karatasi hii mbele, anza na godoro la mtoto, maana mkopo ulianzia hapo na mtoto ni wenu wote. Kisha mwombe mambo mawili: mboga ya siku 17 itoke kwenye pikipiki, na mafuta ajaze kwa pesa aliyobakiza jana yake. Akikasirika, mwache akasirike, usijibizane naye. Karatasi ibaki mezani. Mimi naamini baba anayeamka saa kumi na moja kutafuta riziki atazielewa hizo hesabu.

Nyuma ya karatasi umetaja pia madereva wanaokula kwa deni, jumla 41,000. Hizo ni siku tatu za marejesho zimelala kwenye matumbo ya watu. Zidai wiki hii, kwa heshima, na anayedaiwa asiongezewe sahani.

Mama yangu aliuza vitumbua Tanga miaka mingi, na kusoma hakujua. Alifunga pesa kwenye pindo mbili za kanga. Pindo la kushoto la mchele na mafuta ya kesho, la kulia la nyumbani. Tukiumwa, tukidai daftari, alifungua la kulia. Likiwa tupu alituambia subirini. La kushoto sikuwahi kuona likifunguliwa mbele ya mtoto anayelia. Nilimwona mkatili. Leo najua shule nilisomeshwa na lile pindo la kushoto.

Basi mkopo ukiisha, nawe uwe na makopo mawili. La biashara linapokea mauzo yote na kununua vitu vya kesho. Wewe mwenyewe jilipe mshahara, tuseme 8,000 kila siku ya kazi, kama unavyomlipa yule binti, na mboga itoke kwenye mshahara wako. Faida inayobaki irudishe mtaji kwanza. Humo humo tenga 1,500 kwa siku kwa ajili ya shule. Ni 39,000 kwa mwezi, na kuanzia Mei hadi Desemba ni 312,000. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini godoro na sare havijafutwa, na Januari itakuja tena. Iweke benki, kwenye simu au kwa kijumbe mnayemwamini, popote pale mradi isilale chini ya mto.

Siku utakapotaka kukuza biashara, jiunge na wanawake wenzako, msajili kikundi, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ina mlolongo, itachelewa, ndiyo maana uanze kuulizia mapema kabla shida haijabisha hodi.

Ukishaongea na baba watoto, niandikie alivyopokea. Na mwanafunzi wetu wa bweni msalimie sana.

Shangazi